Maneno matatu yaliyotugombanisha

Mazungumzo ya kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Misisi. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukapunguza tu yale ya kurudia-rudia.



Mlituomba leo tuwaeleze habari ya masomo ya Kiingereza. Wengine waliuliza waziwazi, na hawakukosea kuuliza: "Chama ni cha kusaidiana. Mutu akifiwa tunachanga, mama akizaa tunachanga, nyumba ikiungua tunachanga. Sasa hii Kingereza inaingia wapi? Nani anazika mutu kwa Kingereza?" Tutajibu. Lakini hatuwezi kujibu bila kurudi kwenye ile habari ya mabati ambayo wengi wetu hatupendi kuitaja. Leo tutaitaja yote, juu iko na deni ndani yake, na deni hilo ni letu sisi wa kamati.

Mnakumbuka. Barua ilifika kwa Kiingereza, kurasa mbili, kutoka kwa wafadhili ambao hatutawataja jina, kwa sababu kosa halikuwa lao peke yao. Ndani ya kamati tulikuwa watatu tuliojisifu kujua Kiingereza. Mmoja alikisoma shuleni, mwingine aliwahi kutafsiri kambini, wa tatu alikaa Kigoma miaka mingi akiuza vitenge. Tulisoma ile barua haraka, kama mtu mwenye njaa anavyokata ugali ungali moto. Macho yetu yalikimbilia pale penye namba: "40 households". Kaya 40. Kisha "roofing sheets". Mabati. Basi. Jioni ile ile habari ilikuwa imefika mpaka kwenye mashimo ya dhahabu.

Tukaandika majina 40. Wajane kwanza, kisha wazee, kisha wenye watoto wengi. Mvua ilikuwa inakaribia. Mama mmoja alibomoa paa lake la nyasi kabisa ili fundi apime miti mapema. Halafu mabati yakaja. Yalitosha kaya 18.

Hapo ndipo mlianza kuuliza, na swali lilikuwa moja: "Mabati ya watu 22 iko wapi?" Mtunza feza wetu alisimama mahali hapa hapa akafungua kitabu chake. Alisema: "Mimi sikukula bati ya mutu. Zilizofika ndizo hizi." Hakuna aliyemuamini. Hata sisi wa kamati tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa kama kumshitaki.

Lakini maneno yalikuwemo ndani ya barua tangu mwanzo. Iliandikwa kwamba msaada utakuwa kwa "up to 40 households, subject to the availability of funds". Maana yake: kaya zisizozidi 40, na hiyo ni kama feza itapatikana. Hatukuyaruka yale maneno. Tuliyaona. Tuliyaona tu kama mtu anavyoona majani pembeni ya njia, akili ikiwa imeshafika sokoni.

Kisha tukaongeza kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tuliwaandikia wafadhili barua ya malalamiko. Tulitaka kusema tumevunjika moyo sana, na tunaomba mabati yaliyobaki. Tukaandika kwa Kiingereza kwamba tunawaeleza "our great deception" na kwamba "we demand" mabati ya kaya 22 zilizobaki.

Jibu lilikuja baridi. Waliuliza: deception gani, iliyofanywa na nani, lini? Walitaka risiti zote, na wakasema hakuna kitakachotumwa tena mpaka hesabu ikaguliwe. Kijana mmoja aliyejua Kiingereza kidogo aliisoma barua ile pale sokoni, na neno hilo alilijua: udanganyifu. Basi habari ikazunguka kwamba wafadhili wenyewe wameandika kuna udanganyifu ndani ya chama. Neno tulilolituma sisi likaturudia kama ushahidi, na likamwangukia mtu mmoja. Mtunza feza aliacha kitabu mezani, akachukua familia yake, akahamia Lubichako.

Tulijua ukweli baadaye sana. Dada mmoja, mtoto wetu aliyemaliza sekondari Tanzania, alirudi akiwa na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile inayoeleza neno kwa maneno mepesi kisha inatoa sentensi ya mfano. Tulimpa nakala ya barua yetu atusaidie kuandika nyingine. Aliisoma mara mbili. Akauliza kwa heshima: "Papa, hapa mlitaka kusema nini?" Tukasema: tulitaka kusema tumevunjika moyo. Akafungua kamusi, akatusomea maana ya neno lile: kumfanya mtu aamini jambo lisilo la kweli. Akasema: "Basi mliwaambia hivi: tunawaeleza udanganyifu wetu mkubwa. Na hapa chini hamkuomba. Mlidai."

Hakuna aliyejibu. Ilichukua muda mtu kukohoa.

Tulijiuliza: neno hilo tulilitoa wapi? Tulilitoa kwenye Kifaransa. Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996, tukakaa Lugufu ao Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, na shule za kambini kwetu sisi Wakongomani zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa, "déception" ni kuvunjika moyo. "Demander" ni kuomba tu, hata mtoto anaweza kumwambia mama yake. Maneno haya yanafanana na ya Kiingereza kama mapacha, lakini kila mmoja ana tabia yake. Na si hayo tu. "Assister" kwa Kifaransa ni kuhudhuria, "assist" kwa Kiingereza ni kusaidia. Kumbe ripoti yetu ya mwaka iliyosema wamama 30 "assisted" mkutano ilisomeka kana kwamba walikuja kufanya kazi. "Actuellement" ni sasa hivi, "actually" ni kwa kweli. "Éventuellement" ni labda, lakini "eventually" ni hatimaye, mwishoni, baada ya kungoja.

Hilo la mwisho lilituuma. Dada yetu alitoa mfano huu ubaoni: "We crossed the lake in 1996, and eventually we came home." Tulivuka ziwa mwaka 1996, na hatimaye tukarudi nyumbani. Mzee mmoja alisema: "Kama ni labda, basi bado niko Lugufu. Kama ni hatimaye, basi niko hapa." Ndiyo tofauti. Na wote mnajua kati ya labda na hatimaye kulikuwa na miaka mingapi. Misafara ya kwanza ya meli kutoka Kigoma kuja Baraka ilianza mwaka 2005, na wengine wetu tulikuja miaka mingi baada ya hapo.

Kutoka siku hiyo ndipo tulianza masomo. Sasa tuwaeleze tunavyojifunza, kwa sababu wengine wanafikiri tunakariri tu kama kasuku.

Kila wiki tunachukua maneno matano. Hatuyachukui hewani. Tunayatoa kwenye makaratasi yaliyofika kweli mikononi mwa wanachama: barua za miradi, fomu, matangazo ya kazi, karatasi zinazoletwa na wanaokuja kutafiti dhahabu. Kwanza tunasoma maana kwa Kiingereza chepesi, kwa sauti, bila kukimbilia Kiswahili. Mwanzoni ilikuwa taabu. Tulitaka mara moja kuambiwa "hii ni nini kwetu". Lakini ukiweka neno moja la Kiswahili juu ya neno moja la Kiingereza, unafanya kama sisi na "déception": unaona pacha, unafikiri ni yule yule. Maana inayoelezwa inakuonyesha mpaka wa neno, kama miti ya mpaka inavyoonyesha shamba linaishia wapi.

Pili, tunasoma sentensi ya mfano. Hapo tunaangalia neno linakaa na nani. "Subject" peke yake ni mada, ao somo la shuleni. Ikifuatwa na "to" katika sentensi kama ile ya barua, inageuka kuwa sharti. Herufi mbili tu, na kaya 22 zikakosa paa.

Tatu, kila mmoja anaandika sentensi yake, na sentensi iwe ya Misisi. Kama inaweza kuwa ya mahali popote duniani, inarudishwa. Kwa "up to" mama mmoja aliandika: "My hen can lay up to twelve eggs, but this month she laid two." Kuku wangu anaweza kutaga mayai mpaka 12, lakini mwezi huu ametaga mawili. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana ile barua ya mabati yote ilikuwa ndani ya kuku huyo. Kwa "subject to", dereva wa pikipiki aliandika: "I will reach Baraka tomorrow, subject to the rain." Nitafika Baraka kesho, mvua ikiruhusu. Anayeijua barabara yetu wakati wa mvua hasahau tena neno hilo.

Nne, tunalifuta lile neno ndani ya sentensi, tunaacha nafasi wazi, na wengine wanalitafuta. Wakiweza kuweka neno lolote, sentensi ni dhaifu. Kijana mmoja aliandika: "The treasurer is accountable." Tukalifuta neno la mwisho. Mmoja akasema "mrefu", mwingine akasema "mgonjwa", mwingine akasema "tajiri", na yote yaliingia. Akaandika upya: "The treasurer is accountable: at every meeting he opens the book and we ask him questions." Mtunza feza anawajibika: kila mkutano anafungua kitabu na sisi tunamuuliza maswali. Sasa neno lilikuwa na kiti chake, hakuna mwingine angeweza kukikalia. Na sisi wa kamati tulikaa kimya, tukikumbuka nani alifungua kitabu hapa, na nani alikataa kukitazama.

Tano, mwisho kabisa, tunatafuta Kiswahili chake, na hapo tunabishana mpaka giza linaingia.

Njia hii hatukuibuni sisi. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1935 kamusi iliyoeleza maelfu ya maneno kwa kutumia maneno 1,490 tu, ili anayejifunza asieleze giza kwa giza. Mwingine, A. S. Hornby, alifundisha Japani, akatengeneza na wenzake kamusi yenye maana na mifano kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao. Vita vilimkuta huko, akashikwa, na mwaka 1942 akarudishwa kwao Uingereza. Mwaka huo huo kamusi yake ikachapwa Tokyo. Mwaka 1948 Oxford wakaitoa tena, na ndiyo mama wa ile kamusi nene ambayo dada yetu alirudi nayo. Tulipoambiwa habari hiyo, mzee mmoja alisema: "Basi huyo naye ni mrejewa kama sisi." Ndiyo. Mtu aliyevurugwa na vita, akarudi kwao, na kazi yake ikafika mpaka Misisi.

Kuna pia orodha za maneno magumu ya chuo kikuu. Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno yanayorudi-rudi katika vitabu vya masomo ya juu. Vijana wanaotaka kuendelea na masomo tunawaambia waifuate. Kwa maneno matano kila wiki ni miaka miwili na zaidi kidogo. Si mbali. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makaratasi mengi ya huko ni ya Kiingereza. Atakayeweza kuyasoma atapata kazi Kigoma, Bujumbura, hata Nairobi.

Lakini chama hakikuanza masomo kwa sababu ya kazi za Nairobi. Kilianza kwa sababu ya makaratasi yanayotukuta hapa hapa. Chukueni maneno mawili: "consult" na "consent". Ya kwanza ni kukuuliza mawazo yako. Ya pili ni wewe kukubali. Hapa kwetu penye dhahabu, watu wanakuja, wanaitisha mkutano, wanagawa soda, orodha inazunguka, kila mtu anaandika jina na namba ya simu. Umeulizwa. Je, umekubali? Mwanafunzi wetu mmoja, mchimbaji, aliandika: "I was consulted, but I did not consent." Niliulizwa, lakini sikukubali. Sentensi hiyo tumeiandika kwa rangi ukutani, na Kiswahili chake chini yake. Mtu akijua tofauti ya maneno hayo mawili, siku ya mkutano atauliza orodha ile ni ya nini kabla hajashika kalamu.

Ama "voluntary". Sisi wote tulirudi kwa karatasi yenye neno hilo: kurudi kwa hiari. Mama mmoja aliandika hivi: "If there is no food in the camp and then you ask me to go home, my return is not voluntary." Kama chakula hakuna kambini, halafu unaniuliza kama nataka kurudi, kurudi kwangu si kwa hiari. Wengine walimpinga. Walisema wao walirudi kwa moyo, waliona milima ya Fizi kutoka melini wakalia. Walibishana saa nzima, nusu Kiswahili, nusu Kibembe, na Kiingereza kikabaki kimesimama ubaoni. Hatukuamua nani mshindi. Lakini jioni ile kila mmoja alilijua neno "voluntary" kuliko aliyeliandika kwenye fomu.

Na "returnee", jina letu wenyewe, mzee mmoja alilieleza hivi: "A returnee is a person who comes home and finds another person's cassava in his field." Mrejewa ni mtu anayerudi nyumbani na kukuta muhogo wa mtu mwingine shambani kwake. Hakuna kamusi iliyo na maana hiyo. Wafadhili, mkitaka kujua kwa nini kesi za mashamba haziishi huku, anzieni kwenye sentensi hiyo.

Sasa turudi kwa wale waliosema Kiingereza kitatugawanya. Hofu hiyo ina msingi, na historia yake iko hapa hapa Fizi. Mwaka 1965, Ernesto Guevara, yule Che, alivuka ziwa akaja kupigana milimani kwetu. Alipewa jina la Kiswahili, Tatu. Alijua Kifaransa, akaweza kuongea na wakubwa. Lakini wapiganaji wa kawaida waliongea Kiswahili, na yeye hakujifunza upesi. Baada ya kushindwa na kuondoka aliandika mwenyewe kwamba hilo lilikuwa kosa lake: Kifaransa kilimkaribisha kwa wakubwa kikamtenga na askari wa chini. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wako hapa, wanajua vita vile viliishaje.

Kamati nayo ilifanya hivyo hivyo. Kiingereza kilitukaribisha kwa wafadhili kikatutenga na ninyi. Tulikaa na barua mfukoni kama watu wenye siri, tukatoka na namba 40 peke yake. Kama tungewasomea barua yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, hata mama asiyejua kusoma angeuliza: "Hiyo 'kama feza itapatikana' maana yake nini?" Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sisi katika chama hiki tunasema hapana. Asiyejua maana ndiye wa kuambiwa kwanza, maana ndiye atakayelala chini ya mvua.

Kwa hiyo tumeweka kanuni tatu, na tunaomba mzikubali leo kwa kunyoosha mikono.

Ya kwanza: karatasi yoyote ya Kiingereza ao Kifaransa isitangazwe mpaka isomwe yote kwa Kiswahili mbele ya wanachama watano, wawili wao wasiwe wa kamati.

Ya pili: maneno yanayofunga na kufungua ahadi yazungushiwe kalamu. "May", "up to", "subject to", "eligible", "eventually". Chini ya kila moja iandikwe sentensi ya Kiswahili inayosema itakuwaje kama jambo halitatokea.

Ya tatu: barua tunayoituma sisi isomwe kwanza na mtu asiyeiandika, kisha atuambie kwa mdomo wake ameelewa nini. Akituambia tofauti na tulivyokusudia, barua haiendi.

Na ninyi marafiki wa mbali, tuna ombi. Tumejifunza sasa kwamba kuomba si kudai, kwa hiyo pokeeni hili kama ombi. Mkituandikia, wekeni sharti mbele, namba nyuma. Kama hamna uhakika wa feza, isemeni hiyo katika sentensi ya kwanza, kwa maneno mafupi. Mkiweza kututumia na Kiswahili, tutafurahi zaidi. Namba ikitangulia, huku kwetu inakuwa paa kabla haijawa bati. Na mkipata kutoka kwetu neno linalowashitua, tuulizeni kwanza: mlitaka kusema nini? Swali hilo dogo, kama lingeulizwa na upande wowote, lingetuokoa sote.

Tunafika mwisho, kwa deni.

Papa, wewe uliyekuwa mtunza feza wetu, tumekuona umekaa nyuma karibu na mlango. Asante kwa kupanda pikipiki kutoka Lubichako. Kitabu chako tulikifungua upya. Tulihesabu mabati, kaya kwa kaya, pamoja na karatasi za gari lililoyaleta. Hesabu ni sawa. Ilikuwa sawa siku ile. Hakuna bati hata moja lililopotea mkononi mwako. Neno "deception" halikuandikwa na wafadhili juu yako. Tuliliandika sisi, kwa kutojua, na lilipogeuka kuwa shitaka tulikuacha ulibebe peke yako. Kutojua tunaomba mtusamehe wote. Kukuacha peke yako, hilo halikutokana na Kiingereza, na kwa hilo tunakuomba msamaha wewe. Mbuzi aliyefungwa nje tumemchanga sisi wa kamati, si kwa feza ya chama.

Tulipokwenda kumwona nyumbani kwake kabla ya mkutano huu, tulimwomba arudi kwenye kazi yake. Hajajibu, na ni haki yake kuchukua muda. Alituomba jambo moja tu. Alisema: "Maneno yalisemwa juu yangu mbele ya watu. Yafutwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, halafu muyaandike kwenye jarida ili na wale wa mbali wasome."

Tumeyasema. Tutayaandika.

Masomo ni kila Jumatano na Jumamosi baada ya kazi. Aje anayejua na asiyejua. Alete daftari, kalamu, na karatasi yoyote aliyowahi kupewa akaogopa kuuliza maana yake.